Uzito Ukipungua, Usirudi: Sababu Yako Ni Ipi?

(Muziki wa kufungulia, sekunde 20. Sauti inashuka, mtangazaji anaingia.)

Hodi hodi nyumbani! Wapenzi wasikilizaji wetu wa Rhino Camp, kuanzia Ofua mpaka Ocea na Omugo, ndugu zetu wa Imvepi, nyinyi wa Lobule kule Koboko, na nyinyi mlioko Arua mjini na Koboko mjini mkitafuta riziki, habari zenu? Mama zetu, baba zetu, wazee wetu, tunawasalimu kwa heshima. Vijana, vuteni viti. Karibuni kwenye kipindi chetu cha afya.

Mada ya leo ni uzito wa mwili. Tunauliza mambo mawili. Ni nini kinamsukuma mtu apunguze uzito? Na akishaupunguza, ni nini kinamsaidia usirudi?

Ninajua kuna mtu amecheka sasa hivi. Anasema: "Huyu mtoto ana akili? Chakula cha mgao kimepungua, sisi tunatafuta namna ya kushiba, yeye anatuambia tupungue!" Mama yangu, baba yangu, una haki ya kuuliza. Ngoja tuanze na swali lako.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA MAMBO HAYA KAMBINI

Sisi sote tunakumbuka. Mwaka 2020 WFP, ambalo sisi tuliotoka Congo tumezoea kuliita PAM, lilipunguza mgao kwa asilimia 30 kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kulingana na mahitaji, na wengine wakatolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo njaa ipo, na hatuwezi kuificha.

Lakini hapa hapa tulipo kuna mama aliyekuja akiwa mwembamba kwa sababu ya njia ndefu na vita, na leo kapu lake la mandazi amelikalia kutwa nzima, kilo zimepanda, presha imepanda. Kuna baba anayeendesha boda mjini Koboko. Anakwenda kilomita nyingi kila siku, lakini miguu yake haitembei. Mchana anakula chapati na soda, jioni anashushia kwete. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto anayepimwa mkono kwa utapiamlo na bibi anayemeza vidonge vya sukari. Hivyo vitu viwili si adui. Mara nyingi vinatoka chungu kimoja.

Inakuwaje? Pesa zikiwa kidogo, mtu ananunua kinachojaza tumbo haraka: unga mweupe, mafuta, sukari. Mboga za majani, maharage, samaki na matunda vinakuwa vya mwisho kwenye orodha. Tumbo linajaa, mafuta yanajikusanya kiunoni, lakini mwili bado unakosa vile unavyohitaji.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa vita tunapaswa kulijua. Watafiti walikwenda Enugu, nchini Nigeria, wakawapima watu wazima wa miaka kama 40. Baadhi yao walikuwa tumboni mwa mama zao au wachanga wakati wa njaa ya vita vya Biafra, vita vilivyoanza mwaka 1967 na kuisha mwaka 1970. Majibu yalichapishwa mwaka 2010. Waliopitia njaa ile mapema namna hiyo walikuwa na presha na uzito wa kupita kiasi mara nyingi kuliko waliozaliwa baada ya vita. Mwili uliofundishwa njaa tangu mwanzo hujifunza kuweka akiba. Ndiyo maana sisi tuliokimbia njaa hatuwezi kusema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa Kampala.

Uganda nzima ilipimwa mwaka 2014. Kati ya watu wazima, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha, na wengi wao hawakujua. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi. Presha haipigi hodi. Siku inapojitambulisha, mara nyingi ni kwa kiharusi: mdomo umepinda, mkono hauinuki. Na mama akipooza kambini, nani anabeba jerikani? Nani anakwenda kwenye mgao? Ni mtoto, na huyo mtoto anaacha shule. Hiyo ndiyo sababu ya kipindi hiki.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

NANI ANAHUSIKA, NA NANI HAHUSIKI

Tuanze na wasiohusika, ili mtu asije akajidhuru kwa sababu ya redio.

Mtoto hapunguzwi uzito kwa kunyimwa chakula. Mama mjamzito hapunguzi. Mama anayenyonyesha asijinyime chakula. Anayekula mara moja kwa siku kwa sababu hana kingine, kipindi hiki si cha kumlaumu. Na wewe ambaye unapungua bila kupanga, nguo zinakulegea na hujui kwa nini, usifurahi na usinyamaze. Nenda kituo cha afya. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa virusi vya UKIMWI, inaweza kuwa kisukari chenyewe, na yote hayo yana dawa.

Sasa nani anahusika? Mizani hatuna wote, lakini kamba ipo kila nyumba. Chukua kamba isiyovutika. Kanyaga ncha moja kwa kisigino, mwenzako aivute mpaka utosini, akate hapo. Hiyo ni sawa na urefu wako. Sasa ikunje katikati, iwe nusu. Ile nusu izungushe tumboni, sawa na kitovu, ukiwa umepumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kama ncha zinakutana, tumbo lako liko salama. Kama hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari, presha na ugonjwa wa moyo. Mama zangu, mnisamehe, mtoto wenu ninasema habari za viuno hewani. Lakini kipimo hiki ni cha mwanamume na mwanamke sawasawa, isipokuwa mwenye mimba.

Ukifika kituo cha afya, muuguzi anaweza kukupima kwa njia nyingine. Atachukua kilo zako, azigawanye kwa urefu wako wa mita, kisha agawanye tena kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 80 anapata kama 31. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 umezidi sana.

MANENO YA WATU

Tuseme umejipima, kamba haikukutana, na umeamua kupungua. Adui wa kwanza atakuwa nani? Si ugali. Ni maneno ya watu.

Kwetu mwili mnene ni habari njema. Mke akinenepa, mume amesifiwa. Mtu akirudi kijijini akiwa na mashavu, watu wanasema Mungu amemkumbuka. Na ukikonda, kwenye foleni ya maji unasikia: "Eh, umeisha! Una nini? Nyumbani kuna amani?"

Uganda hofu hiyo ina historia yake. Miaka ya 1980 ulitokea ugonjwa huko Rakai na Masaka uliowakausha watu mpaka mifupa ikaonekana. Wananchi wakauita silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu silimu katika jarida la kitabibu la Uingereza, na ikajulikana kwamba ni UKIMWI. Watu walizika ndugu wengi. Tangu hapo kukonda kumebeba kivuli cha kifo, na wanene wengi wanaogopa kupungua wasije wakasemwa vibaya.

Hata mkubwa wa nchi hakuepuka. Rais Museveni alipopungua, watu waliulizana kama anaumwa. Mwenyewe akajibu hadharani: alikuwa amefika kilo 106, akaamua kupunguza mpaka kilo 76. Na mwezi Aprili 2020, wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya korona, alitoa video akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake, pekupeku. Sisi hatuna ofisi yenye zulia. Lakini tunaweza kuchukua funzo moja hapo: alisema mwenyewe, kabla hajamaliziwa hadithi na wengine.

Fanya hivyo. Mwambie mume wako au mke wako, waambie watoto, mwambie jirani mmoja mwenye mdomo mrefu: "Nimepimwa presha, nimeambiwa nipungue, nimeanza." Huyo wa mwisho atakusaidia kutangaza. Siku wakiona umepungua, tayari wanajua sababu.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

SABABU INAYODUMU

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wanaanza kupunguza uzito kwa sababu nyingi. Kuna anayeanza kwa sababu ya harusi, anataka gauni limkae. Kuna aliyechekwa. Kuna ambaye mume amemwambia neno la kuumiza. Sababu hizo zina nguvu, lakini ni moto wa majani makavu. Unawaka juu, maharage hayajaiva, umezimika. Harusi ikipita, sababu imepita nayo. Na aibu ina ubaya wake zaidi: mtu aliyeaibishwa mara nyingi anajificha, anaacha kwenda kliniki, na anakula peke yake kwa huzuni.

Kwa hiyo wewe unayemwita mwenzako "trela" au "tembo", ukidhani unamsaidia, humsaidii. Unamfungia ndani.

Nchini Marekani, mwaka 1994, watafiti walianza kuandikisha watu waliofanikiwa. Walitaka mtu aliyepunguza angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Walioandikishwa wamepita 10,000. Waliulizwa ni nini kiliwasukuma. Kundi moja lilitoa sababu ya ugonjwa: daktari aliwaambia ukweli, au walimwona ndugu wa damu akianguka kwa moyo. Kundi hilo lilipungua zaidi, na katika miaka iliyofuata uzito uliwarudia kidogo kuliko wenzao.

Kwa nini? Kwa sababu sababu yao haikuisha. Harusi ina tarehe. Lakini kutaka kuwaona watoto wako wanakua hakuna tarehe.

Basi kila mmoja ajiulize: mwili wangu ninautaka kwa kazi gani? Mama mmoja atasema: nataka nilime shamba langu bila magoti kuniuma. Mzee atasema: siku amani ikirudi kwetu, Faradje au Yei, nataka nivuke mpaka kwa miguu yangu, nisibebwe. Baba wa boda atasema: baba yangu alipooza, mimi sitaki watoto wangu wanilishe kwa kijiko. Sababu ya namna hiyo ni yako. Hakuna anayeweza kukunyang'anya, na asubuhi ya mvua inakuamsha.

Iseme kwa maneno mafupi. Uiseme mbele ya mtu unayemheshimu. Na kama huna sababu bado, nenda upimwe presha na sukari. Mara nyingi sababu inapatikana pale kwenye kiti cha muuguzi.

KWA NINI KILO ZINARUDI

Wengi wanaopungua, kilo zinawarudia. Watu wanasema ni ulafi au uvivu. Si kweli. Mwili wenyewe unapigana.

Sisi tuliolala njaa tunajua hilo kuliko wengine. Lakini liliwahi kupimwa. Mwishoni mwa mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, vijana 36 huko Minnesota, Marekani, walijitolea kulishwa kidogo kwa miezi sita ili wataalamu wajifunze namna ya kuwasaidia watu wenye njaa baada ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walianza kuota chakula. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Waliporuhusiwa kula, walikula bila kujizuia, na mafuta mwilini yakarudi mpaka kupita yale ya mwanzo.

Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hata mwaka mmoja baada ya mtu kupunguza uzito, damu yake bado inabeba ujumbe wa njaa kwa nguvu kuliko zamani. Mwili unadhani kuna ukame. Unataka kurudisha akiba yake.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza: usijinyime kwa ukali. Anayekula uji mtupu wiki mbili anauambia mwili wake kwamba vita vimerudi. La pili: usianze jambo ambalo huwezi kulifanya mwaka ujao. Kinachobaki ni mazoea madogo, si adhabu kubwa.

Na usitafute miujiza. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kama kilo 5 na nusu. Majibu yalitoka mwaka 2002: hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kuliko hata kundi lililopewa vidonge. Na miaka kumi baada ya kuanza, ingawa kilo nyingi zilikuwa zimerudi, hatari yao ilikuwa bado chini kwa asilimia 34. Kwa hiyo hata ukipungua kidogo, na hata ikirudi kilo moja au mbili, kazi yako haikupotea.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MAMBO SITA UNAYOWEZA KUFANYA HAPA HAPA

Sasa tushuke chini, tuongee mambo ya jikoni na ya njiani.

Moja: sukari ya kunywa. Anza hapo, kwa sababu kupunguza hapo kunakuongezea pesa. Soda ya chupa ndogo ina sukari ya vijiko vidogo kama 8. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu mzima asipitishe vijiko kama 6 kwa siku nzima. Anayekunywa chai mara tatu kwa vijiko vinne vinne amefika 12 kabla hajala mandazi. Usikate siku moja. Wiki hii toa kijiko kimoja kwenye kila kikombe, wiki ijayo kingine. Ulimi unazoea. Na kwete na pombe nyingine pia ni kalori, hata kama hutafuni.

Mbili: mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, karibu sawa na kutembea haraka nusu saa. Usimimine kutoka kwenye chupa kwa jicho. Pima kwa kijiko. Maharage yaliyochemshwa vizuri na kitunguu, nyanya na chumvi kidogo hayahitaji kuogelea. Chumvi nayo ipunguze, ni rafiki wa presha.

Tatu: sahani. Gawa sahani yako kwa macho. Nusu iwe mboga: sombe, lengalenga, osubi, majani ya maboga, chochote kinachoota karibu na bafu lako au kwenye gunia la udongo. Robo iwe maharage, mukene, angara au karanga. Robo iwe posho au fufu. Wengi wetu tunafanya kinyume: mlima wa posho na mboga ya kuonjea. Ninajua maharage ni ghali na mboga wakati wa kiangazi ni shida. Fanya siku unayoweza. Hata kuongeza upawa mmoja wa mboga na kutoa kipande kimoja cha fufu ni mwanzo.

Nne: siku ya mgao. Hii ni yetu sisi peke yetu. Siku pesa au chakula kinapoingia, nyumba inakula kama sikukuu, na wiki ya mwisho ya mwezi inakunywa chai tupu. Mwili unaofungwa na kufunguliwa hivyo unajifunza kuweka akiba. Kadiri unavyoweza, gawanya unga na maharage kwenye mifuko ya wiki nne siku hiyo hiyo, kabla ya kupika. Itasaidia uzito, na itasaidia pia watoto wiki ya nne.

Tano: miguu. Anayelima na kubeba maji kila siku, wewe mazoezi unayo, pumzika. Ninaongea na fundi wa cherehani, muuza duka, mwenye kibanda cha simu, baba wa boda na sisi wa ofisini. Tembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wale Wamarekani waliofanikiwa kutorudisha uzito, wengi wao hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, na zaidi kwa kutembea. Kama njia si salama, hasa kwa mama na dada zetu alfajiri au jioni, tembeeni wawili watatu. Wanaokwenda kanisani au msikitini kwa miguu badala ya boda wamepata baraka mbili na wamebaki na nauli.

Sita: kamba yako. Usiitupe. Kila mwisho wa mwezi izungushe tumboni tena, uone ncha zimekaribiana kiasi gani. Weka alama ya kalamu pale zilipofika. Wale waliofanikiwa, karibu robo tatu hujipima angalau mara moja kwa wiki. Wanafanya hivyo ili wakiona kilo moja imerudi, wairekebishe kabla hazijawa kumi. Alama ikirudi nyuma mwezi mmoja, usikate tamaa na usijitukane. Jiulize tu: mwezi huu nini kilibadilika? Kulikuwa na msiba? Malaria? Fikra nyingi za nyumbani? Wengi wetu tunakula fikra. Moyo ukiwa mzito, zungumza na mtu kabla ya kufungua chungu.

USIFANYE PEKE YAKO, NA USIFANYE KIENYEJI

Mwenye sahani ni mmoja, lakini mwenye chungu ni nyumba nzima. Mama hawezi kupikiwa tofauti peke yake, na si haki apike mafuta ya baba asiyapike yake. Habari njema ni kwamba chakula kinachomfaa mwenye sukari kinawafaa na wengine. Kwa mtoto mdogo anayehitaji kukua, mwongezee karanga na mafuta kwenye bakuli lake. Kwa hiyo baba zetu, tunawaomba. Mkiona mafuta yamepungua kwenye mboga, msiulize kwa ukali. Huyo mama anajaribu kubaki hai.

Kama mko kwenye kikundi cha kuweka akiba, mna kikundi tayari. Mnakutana kila wiki kuhesabu pesa. Ongezeni dakika kumi: nani alitembea, nani alipunguza sukari? Msiwekeane faini kwa kilo. Faini inaleta uongo.

Kisha tahadhari tatu. Kwanza, kama unatumia dawa za presha au sukari, usiziache kwa sababu umepungua. Mwonyeshe muuguzi, yeye ndiye atakayepunguza kipimo. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya sukari, akibadilisha chakula ghafla, sukari inaweza kushuka sana, akatokwa jasho, akatetemeka na kuanguka. Zungumza na kliniki kabla. Pili, zile chupa na majani ya "kukausha tumbo kwa siku saba" zinazouzwa sokoni, ziache huko huko. Kuharisha si kupungua, unapoteza maji tu. Tatu, ukiona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanamtoka vibaya, hicho ni kiharusi. Mpelekeni haraka, usiku au mchana.

Uanzie wapi? Mwone VHT wa kijiji chako au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukihitaji uchunguzi zaidi utapewa barua ya kwenda hospitali ya Koboko au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua. Omba vitu viwili: "Nipime presha, nipime sukari." Ni haki yako kuomba.

MASWALI YA KIKUNDI CHA KUSIKILIZA

Kiongozi wa kikundi, zima redio sasa, soma maswali haya polepole, na mpe kila mtu nafasi. Anzeni na wanaonyamaza.

1. Katika jamii yetu tunamwambia nini mtu aliyenenepa? Na aliyekonda? Maneno hayo yanamsaidia au yanamfungia ndani?

2. Kila mmoja aseme kwa sentensi moja: mwili wangu ninautaka kwa kazi gani miaka kumi ijayo?

3. Kati ya mambo sita tuliyosikia, ni lipi moja nyumba yako inaweza kuanza wiki hii bila kutumia hata shilingi moja zaidi?

4. Katika block yetu kuna nani mwenye presha au sukari ambaye hawezi kufika kliniki peke yake? Nani atamsindikiza?

Wapenzi wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kama jirani yako hana redio, mwazime karatasi hii. Wiki ijayo tutaongea juu ya dawa za presha: kwa nini mtu anajisikia mzima na bado anapaswa kumeza. Mpaka hapo, wazee wetu mlale salama, na watoto wasilale bila kunawa. Tuko pamoja.

(Muziki wa kufungia.)